Malengo ya Mtu Binafsi na Neno "Bwana Akipenda"

Utangulizi

Mtu asimamaye katika kivuko cha Magogoni, jijini Dar es Salaam, huona jambo moja lililo wazi: kila apandaye pantoni anaijua ng'ambo aiendeayo. Lakini katika safari ya maisha wengi wetu, tukiwamo sisi watumishi wa Neno, tumekwisha kupanda chombo bila kujua tutashukia wapi. Je, yampasa Mkristo kujiwekea malengo? Na akijiwekea, ayatimizeje?

Swali hili si la darasani tu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza soko kuu la Kariakoo, na wafanyabiashara wakapoteza kwa saa chache mitaji waliyoikusanya kwa miaka. Mchungaji aliyewahi kuwahimiza watu wa namna hiyo wapange maisha yao atawaambia nini siku ya pili yake? Mafundisho yetu juu ya malengo hayana budi kustahimili swali hilo.

1. Makosa mawili

Kosa la kwanza ni kulifanya neno "Mungu akipenda" kuwa kitanda cha kulalia. Mwanafunzi asiyejiandaa kwa mtihani na mchungaji asiyepanga ziara za usharika wake hujifunika kwa neno hilo, na uvivu huonekana kama imani. Kosa la pili ni kupanga kana kwamba kesho ni mali yetu.

Mtume Yakobo (4:13-15) anasema na wafanyabiashara hasa: watu wanaopanga kwenda mji fulani, kukaa mwaka mzima, kuuza na kununua na kupata faida. Tuangalie vema. Mtume halaumu safari, wala biashara, wala faida. Anacholaumu ni majivuno ya mtu ambaye uhai wake ni kama mvuke. Tena, katika aya ya 15, baada ya kutaja mapenzi ya Bwana, bado anataja kuishi na kutenda. Sharti limetangulia, lakini kazi haikufutwa. Basi anayesema "Bwana akipenda" bila kuwa na jambo alilokusudia kulitenda amelisema nusu tu.

2. Tofauti ya tamaa na lengo

Katika Luka 14:28-30 Bwana wetu anataja mtu ajengaye mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama. Mfano huo wahusu gharama ya kumfuata Kristo, nasi tusiugeuze kuwa somo la uchumi. Hata hivyo Bwana anachukulia kwamba wasikilizaji wake wanaijua busara hiyo na kuikubali.

"Nataka kuendelea na masomo" ni tamaa. Lengo lina mambo manne: kitu chenyewe, kipimo, muda na gharama. Kwa mfano: "Nitasoma sura moja ya Injili ya Marko kwa Kigiriki kila juma, niimalize katika majuma 16, na kwa ajili hiyo nitaacha maongezi ya Jumanne jioni." Vivyo hivyo, muuza vitenge atamaniye fremu yake mwenyewe hana lengo mpaka ajue ni kiasi gani ataweka akiba kila jioni, kabla fedha ya mtaji haijachanganyika na fedha ya chakula. Malengo mengi hufa kwa sababu mwenye nayo hakuwahi kutaja atakachoacha.

3. Ubeti mmoja baada ya mwingine

Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Miaka yote hiyo miwili alikuwa Rais, na Ikulu ya Magogoni ilikuwa na kazi tele za taifa changa. Baada ya kung'atuka mwaka 1985 aliendelea kuandika, na mwaka 1996 vilitoka vitabu vyake vitano vya tenzi: Injili nne na Matendo ya Mitume.

Hatutaji habari hizi ili kila mmoja wetu awe mtunzi. Twazitaja kwa sababu utenzi hautungwi kwa mkupuo. Hujengwa ubeti mmoja baada ya mwingine. Lengo kubwa lisilogawanywa katika kazi ya leo hututisha tu, kisha hutuaibisha. Nasi tunaosema kwamba usharika hautuachii nafasi twaweza kujiuliza kwa unyofu: je, ni nafasi tuliyokosa, au ni ubeti wa leo?

4. Lengo linapozuiliwa

Mtume Paulo alikuwa na lengo lenye jina la mahali: kufika Rumi, kisha kuendelea mpaka Hispania (Rum. 15:22-28). Anakiri kwamba alizuiliwa mara nyingi. Hatimaye alifika Rumi, lakini alifika akiwa mfungwa (Mdo. 28). Kama alifika Hispania, Matendo ya Mitume hayasemi. Lakini kitabu hicho kinamwacha akihubiri katika nyumba aliyoipanga. Njia ilibadilika, wito haukubadilika.

Hapa ndipo tunapoweza kusimama mbele ya mtu wa Kariakoo aliyeunguliwa. Tusimwambie kwamba alipanga vibaya, wala kwamba Mungu amemwadhibu. Kwanza tukae naye katika msiba wake. Baadaye, kwa wakati wake, tumsaidie kuuliza: lengo lile lilikuwa la kutumikia nini? Kama lilikuwa kulisha na kusomesha watoto, wito huo haukuungua. Njia nyingine yaweza kutafutwa, na usharika una wajibu wa kuitafuta pamoja naye.

Hitimisho

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linafundisha kuhesabiwa haki kwa imani katika ibara ya 4, na utii mpya katika ibara ya 6. Mpangilio huo ni mwalimu wetu katika jambo hili pia. Hatujiwekei malengo ili tupate thamani mbele za Mungu; tumekwisha kupokelewa kwa neema, ndiyo maana twaweza kupanga bila hofu, kushindwa bila kukata tamaa, na kuanza tena. Basi, ndugu zetu katika huduma, tuandike malengo yetu, tuhesabu gharama, tutimize ubeti wa leo, na kesho tuiweke mikononi mwa mwenyewe.