Mtoto Mwepesi wa Hisia Hakomazwi kwa Fimbo

Tangu nilipoingia katika kazi hii ya kusikiliza nafsi za watu, hakuna suali nililoulizwa na wazazi mara nyingi, hata likanichosha, kuliko hili: nimkomazeje mwanangu? Naye atakiwaye kukomazwa aghalabu ni yule ambaye siku ya Idi amekataa kanzu mpya kwa kuwa darizi ya shingoni inamkwaruza, ambaye huziba masikio kwa viganja spika za harusi zikifunguliwa, na ambaye, akigombezwa mwenzake, hulia yeye.

Hulka hii ya wepesi wa hisia, ambayo mwanasaikolojia Elaine Aron wa Marekani aliitolea kitabu mwaka 1996, si maradhi, wala haimo katika orodha za magonjwa ya akili watumiazo madaktari. Na uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwamba takriban nusu ya tofauti baina ya watu katika jambo hili ni ya kurithi. Basi mzazi anayemshutumu mtoto huenda anamshutumu kwa alichompa mwenyewe.

Huko kukomaza nako kumepewa majina mazuri, mara kumtia ujasiri, mara kumwondoa deko, ilhali vitendo ni vile vile: kumkemea mbele ya wageni, kumcheka hata akome kulia, na fimbo. Wenye kuitetea dawa hiyo wana ushahidi mmoja tu, kwamba mtoto sasa amenyamaza. Naam, amenyamaza, kwa kuwa amejifunza kuficha. Hisia ipo pale pale, na juu yake imeongezwa hofu. Lau kama mapigo yangalipunguza wepesi wa hisia, nyumba zenye mapigo mengi zingalitoa watu watulivu kuliko wote, na sisi tunaowapokea wakishakuwa watu wazima twajua zinatoa watu wa namna gani.

Na hakika ya mambo imekaa upande wa pili kabisa. Mtoto wa hulka hii huumizwa na malezi mabaya kuliko wenziwe, lakini pia hunufaika kwa malezi mema kuliko wenziwe. Mwaka 2015 watafiti Michael Pluess na Ilona Boniwell walitangaza matokeo ya mafunzo ya kukinga sonona waliyopewa wasichana wa shule nchini Uingereza: wale wepesi wa hisia walipungukiwa na dalili, na wale wagumu hawakuonyesha faida. Aliyedhaniwa dhaifu ndiye aliyeshikwa na dawa.

La kufanya ni jepesi. Mwambie mapema mwendako na watakaokuwapo. Harusini kaeni mbali na spika, mtoke kabla hajachoka. Mkosoe faraghani, kwa sauti ya chini. Akirudi shule mwache akae kimya kwanza. Lebo ya shati ikate. Nawe mtu mzima uliye hivyo, lala vya kutosha, punguza kahawa, usijibebeshe shughuli mbili za watu wengi siku moja, na uondokapo mapema usiombe radhi.

Lakini mtoto aliyekuwa mchangamfu kisha akageuka ghafla, akawa halali wala hali, au akaanza kumkimbia mtu fulani, huyo siye ninayemzungumzia hapa. Mpelekeni kwa daktari, na kabla ya hapo muulizeni kwa upole amefanywa nini, na nani.