Mbwa, Tanzi na Baridi ya Kibira

Mtu akaaye Mutanga Sud, mtaa uliojengwa kwenye miinuko ya mashariki ya Bujumbura, aghalabu humjua mbwa kwa kazi moja tu, nayo ni kulinda lango. Thamani yote ya mbwa huyo imo katika kelele zake za usiku, na bwana wake hamdai zaidi ya hizo. Lakini mtu huyo huyo akiifuata barabara kuu iendayo Kayanza, akaliacha joto la ziwani na kuzunguka kona baada ya kona hata akafika Bugarama, mahali ambapo wauza viazi na kabeji hawaoni ajabu kuvaa makoti mchana, huwa ameukaribia msitu ambao kwa dahari nyingi mbwa alithaminiwa ndani yake ijapokuwa habweki, au tuseme hasa kwa kuwa habweki.

Msitu huo ni Kibira. Umelala juu ya mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na maji ya Nile, ukipanda hata kupita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na upande wa kaskazini huungana na msitu wa Nyungwe wa Rwanda. Eneo lake ni kiasi cha hektari 40,000. Zamani za enzi ya Mwami, kabla Wadachi na baada yao Wabelgiji hawajaja na ramani zao, Kibira palikuwa mahali pa mawindo ya mfalme, na hofu ya ufalme ikaulinda msitu kuliko ulivyolindwa na sheria nyingi zilizoandikwa baadaye. Wajuzi wa msitu huo walikuwa Batwa, ambao leo hukadiriwa kuwa kama mtu mmoja katika kila mia ya Warundi, na ambao majirani zao wamezoea kuwakumbuka kwa ufinyanzi wa vyungu tu, wakasahau kwamba ngozi, asali na nyama ya porini ndizo zilizokuwa fahari yao.

Uwindaji kwa mbwa ni kazi ya jamaa nzima. Wasasi hutoka alfajiri na mikuki, pinde na podo, na kila mbwa amefungwa shingoni kengele ya mti au ya chuma, ambayo Warundi huiita inzogera. Njiani kengele hiyo hujazwa majani ili ulimi wake usigonge, kwa maana mnyama akiisikia mapema hujiondokea. Wakifika penye nyayo mbichi watu hujipanga kimya, wengine wakizuia njia za mabondeni, wengine wakibaki na mbwa. Kisha majani hutolewa, mbwa huachiliwa, na msitu uliokuwa umenyamaza hujaa milio. Hapo msasi, ambaye kwa wingi wa miti na ukungu haoni hatua kumi mbele yake, husikiliza: kengele ikienda mbio, mbwa anafukuza, ikiwa inagonga mahali pamoja, mnyama amesimama kupigana, naye akiwa nguruwe mwitu kuna hatari ya mbwa kupasuliwa tumbo, ikizima ghafula, hapana budi kukimbia kwenda kutazama. Baridi nayo ina faida yake katika shughuli hiyo, kwani ardhi yenye unyevu na hewa isiyochomwa na jua huhifadhi harufu ya mnyama kwa muda mrefu kuliko mchanga mkavu wa tambarare, hata mbwa akaweza kuifuata njia ya paa aliyepita saa nyingi kabla yake.

Mbwa wa aina hii si wa Burundi peke yake. Katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, Waefe wapiga upinde huwinda pamoja nao, ilhali jirani zao Wambuti wa nyavu huunganisha nyavu za kamba za msituni ziwe duara kubwa, wanawake na watoto wakawakurupusha wanyama kuelekea huko. Georg Schweinfurth, Mjerumani mtaalamu wa mimea aliyezuru nchi ya Azande karibu na mwaka 1870, aliwaona mbwa wadogo wa jamii hiyo wakiwa na kengele za mti shingoni. Waingereza wakawatamani. Wawili walioonyeshwa London katika maonyesho ya Crufts mwaka 1895 walikufa kwa maradhi ya mbwa wa Ulaya, na ilipofika 1937 wengine walipelekwa tena, wakapata mashabiki, na hivi leo uzao wao hulala juu ya makochi ya Ulaya na Marekani kwa jina la basenji. Hawabweki kama mbwa wengine, ila hutoa sauti ya ajabu inayofanana na kuimba; na jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, ambapo majike wengi wa mbwa wa kufugwa hupata mara mbili.

Sasa tuuangalie mtego, ambao watu wengi huutia pamoja na mbwa katika fungu moja la ujangili, na mimi naona kuna tofauti kubwa baina yao. Mtego wa milimani ni hivi: mti mwembamba au mwanzi huchimbiwa shina lake ardhini, ncha yake ikapindwa hata chini na kufungwa kamba yenye tanzi, tanzi hutandazwa juu ya kishimo, likafunikwa majani, na kijiti kidogo hushikizia yote. Kwato ikikanyaga, kijiti huchomoka, mti hufyatuka, na tanzi hukaza mguu. Tanzi halichagui. Lililotegewa paa humnasa sokwe, na sokwe akilivuta kwa nguvu zake zote hulizidisha kukaza, ndiyo sababu katika misitu ya Uganda, kama Budongo na Kibale, wapo sokwe wengi wenye viganja vilivyopooza au visivyokuwapo kabisa.

Zamani madhara hayo yalikuwa na ukomo kwa sababu kamba ilikuwa ya nyuzi za miti, na nyuzi za miti huoza katika mvua za milimani. Mtegaji akifa, akihama au akisahau, mtego wake nao hufa. Waya haufi hivyo. Waya wa breki za baiskeli, au waya utolewao katika matairi makuukuu, hugharimu kidogo au haugharimu chochote, na mmoja aweza kungojea misimu kadhaa baada ya mwenyewe kukata tamaa ya kurudi. Naye akumbukaye jinsi Warundi wateremkao kutoka Bugarama na mizigo ya ndizi na makaa wanavyozitegemea breki za baiskeli zao atafahamu kwamba waya huo hauadimiki katika nchi hii.

Wasomaji Waislamu wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, na wenzao wa pwani, wanayo mizani yao ya kale katika jambo hili. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya tatu inamharimisha mnyama aliyekufa kwa kunyongwa, na aya inayofuata papo hapo inahalalisha kilichokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda, maadamu jina la Mwenyezi Mungu limetajwa juu yake. Basi mbwa yule yule ambaye mate yake humlazimu mfuasi wa Imamu Shafi kuosha chombo mara saba, moja kwa udongo, anapewa daraja kwa sababu ya elimu aliyofundishwa na amri aliyotumwa, na tanzi, lisilo na elimu wala amri, halipewi. Wasasi wa Unguja, ambao kwa miaka mingi wamewinda nguruwe waharibifu wa mashamba kwa mbwa na nyavu, hawakuwa watu wa kuidharau dini yao.

Katika nchi za theluji hesabu ilikuwa nyingine, kwa kuwa mtegaji wa Kanada au Siberia alitafuta manyoya kuliko nyama, na manyoya huwa mazito wakati wa baridi kali. Mbwa alimvutia sleji, na chuma chenye meno kikafanya kazi ya kukamata. Biashara hiyo ilikuwa kubwa hata Kampuni ya Hudson's Bay ikapewa hati ya mfalme wa Uingereza mwaka 1670. Hata hivyo Jumuiya ya Ulaya ilipitisha mwaka 1991 kanuni ya kuipiga marufuku mitego ya chuma ibanayo miguu.

Sitaki nionekane kuwa wakili wa mbwa. Tarehe 31 Desemba 1977, katika milima ya Virunga, wawindaji waliokuwa wakikagua mitego yao ya paa pamoja na mbwa wao walikutana na kundi la gorila wa mlimani waliochunguzwa na Dian Fossey kutoka kituo cha Karisoke. Dume aitwaye Digit aliwazuia hata jamaa zake wakakimbia, akamuua mbwa mmoja, naye akauawa kwa mikuki. Aidha, mbwa huleta maradhi: mwaka 1994 simba wapatao elfu moja wa Serengeti, kama theluthi ya wote, walikufa kwa maradhi yale yale ya mbwa yaliyowaua basenji wa London. Lakini mbwa aweza kuchanjwa, aweza kuitwa akarudi, na aweza kubadili bwana. Katika Hifadhi ya Virunga mbwa wanusaji wamefundishwa kufuata harufu ya majangili wenyewe, na Akagera nchini Rwanda nako wapo tangu mwaka 2015. Kuhusu tanzi, ushahidi wa kustaajabisha ulitoka kwa wahasiriwa: mwaka 2012, karibu na Karisoke, gorila wawili wadogo, Rwema na Dukore, walionekana wakiutegua mtego, mmoja akiruka juu ya mti uliopindwa na kuuvunja, mwenzake akiliondoa tanzi.

Kibira ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1980, kisha vita vilivyoanza 1993 vikaugeuza msitu kuwa maficho ya wapiganaji, na wanyama wakalipa gharama. Kuwinda humo ni kosa la jinai, kwa mbwa au kwa waya. Katiba ya mwaka 2005 iliwapa Batwa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti, jambo la haki, ingawa kiti hakimfundishi kijana kusoma nyayo. Katika Mgahinga nchini Uganda, ambako Batwa walitolewa msituni mwaka 1991, wametafutiwa njia nyingine: mgeni hulipa ada, akaongozwa msituni na wazee wa Kitwa, akaonyeshwa jinsi babu zao walivyotega na walivyofuata nyama, na mtego ukishafyatuka bila kunasa kitu huteguliwa mbele ya macho yake, ukawekwa kwa ajili ya mgeni wa kesho.