Radi Ziwa Victoria: Jioni tulivu isikudanganye

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huja Kanda ya Ziwa na radi pamoja na upepo mkali. Kwa wavuvi wa Igombe na Kayenze, Ilemela, muda wa kuogopa zaidi ni usiku wa manane kuelekea alfajiri.

Kwa nini usiku? Iko hivi.

Mchana, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu ya mvua yanajazana huko mida ya alasiri.

Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto. Upepo unaingia ziwani kutoka pande zote, unakutana na kusukuma juu hewa yenye unyevu. Hapo ndipo mawingu ya radi yanapojengeka.

Shida ni kwamba wavuvi wa dagaa wako kazini saa hizohizo. Wanapotoka jioni, anga linaweza kuwa safi kabisa.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) limewahi kukadiria kuwa watu 3,000 hadi 5,000 hufa ziwani humo kila mwaka.

Kabla ya kuingia majini:

- Angalia utabiri wa TMA wa usiku mzima, si wa jioni tu.
- Vaa jaketi okozi, usilikalie.
- Ukiona radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawa kwa 3. Hizo ndizo kilomita. Zikipungua, dhoruba inakufuata. Rudi nchi kavu.