Mgonjwa wa Siku Nyingi: Atembee au Akae?

Hapa Gety mtu akiambiwa hospitalini kwamba ana ugonjwa wa sukari au virusi vya SIDA, neno la kwanza la jamaa ni: «Pumzika.» Wanamnyang'anya jembe, wanamkalisha kitini mlangoni. Sisi wachungaji tumefanya vilevile. Mama mmoja wa kwaya tulimwondolea kazi zote za kanisa, tukidhani huo ndio upendo. Baada ya miezi kadhaa sukari yake ilikuwa juu zaidi, na usiku hakupata usingizi.

Jambo hili limechunguzwa si mbali na kwetu. Eugène Mutimura, mtafiti wa Rwanda, alishirikiana na walimu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kufuatilia watu wanaomeza dawa za SIDA. (Tunajua wengine watakunja uso kusikia habari ya Rwanda. Wasome tu.) Miaka ile wagonjwa wengi walipewa stavudine, dawa iliyookoa maisha lakini ikahamisha mafuta mwilini: mashavu na miguu vinakonda, tumbo linajaa. Jirani akikuona anajua. Mwaka 2009 OMS ilishauri nchi ziiache polepole.

Mutimura na wenzake waligawa watu 100 kwa bahati nasibu. 50 walifanya mazoezi kwa miezi 6, kama kukimbia polepole na kupanda ngazi. 50 waliendelea kama kawaida. Matokeo yalitolewa 2008: waliofanya mazoezi walipungua kiuno, sukari na mafuta ya damu yakashuka. Tena wakaanza kujiheshimu upya, na kwetu wachungaji hilo si jambo dogo. Baadaye Mutimura aliongoza Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Rwanda.

Kwa nini kutembea kunasaidia? Msuli unaofanya kazi unachukua sukari kutoka katika damu hata kama insulini ni dhaifu. Usingizi mbaya unafanya kinyume: insulini inashindwa kazi yake, na kesho yake mtu ana njaa isiyoisha.

Wengine hudhani wazee wetu walilala tangu giza lilipoingia. Utafiti wa 2015 uliowahusu Wahadza wa Tanzania na makabila mengine mawili ulionyesha wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku, na walilala saa kadhaa baada ya jua kutua. Lakini waliolalamika kukosa usingizi walikuwa wachache. Sisi tumelala na viatu miguuni, tukisikiliza risasi. Huko si kulala.

Basi kesha zetu tumezitazama upya. Mwenye sukari anaomba nasi mwanzoni, kisha anarudi nyumbani kulala. Anayetumia insulini au vidonge hafungi chakula kabla ya kumwuliza muuguzi. Eliya alipochoka chini ya mti, malaika hakumkemea kwa kulala. Alimlisha, akalala tena, ndipo akatembea hadi Horebu.

Kinachotusumbua ni mahali pa kutembea, kwa maana njia ya shamba si salama kila siku. Kwa sasa wagonjwa wanazunguka kiwanja cha kanisa asubuhi, wawili wawili, na mwenye sukari anabeba ndizi mbivu, akianza kutetemeka aile. Mama wa kwaya amerudi. Ameomba tumrudishie ufagio wake.