Kumbukumbu Huimarika kwa Kukumbuka

Mazoea ya kusoma daftari lile lile mara nyingi kabla ya mtihani yameenea shuleni na vyuoni, kwa kuwa kila marudio huyafanya maelezo yaonekane mepesi zaidi, na wepesi huo huchukuliwa kuwa dalili ya kuelewa. Hata hivyo, kulitambua jambo lililo mbele ya macho ni kazi tofauti na kulitoa kichwani wakati halipo, na kazi hii ya pili ndiyo inayoimarisha kumbukumbu zaidi.

Ubongo wa binadamu una takriban seli za neva bilioni 86, ambazo hupashana habari kupitia maungio madogo yaitwayo sinapsi. Mtu anapojifunza, baadhi ya sinapsi hupata nguvu na nyingine hudhoofika. Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walichapisha majaribio waliyofanya kwa sungura, yaliyoonyesha kwamba sinapsi zikichangamshwa kwa umeme hubaki imara kwa saa kadhaa. Sehemu waliyoichunguza ni hipokampasi, iliyo ndani ya ubongo usawa wa masikio, ambayo umuhimu wake ulikwisha kudhihirika kwa mgonjwa Henry Molaison: baada ya sehemu kubwa ya hipokampasi yake kuondolewa mwaka 1953 ili kutibu kifafa, aliweza kuzungumza na kukumbuka utoto wake, lakini hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya.

Faida ya kujipima ilionekana wazi mwaka 2006, wakati Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walipolinganisha wanafunzi waliosoma kifungu kwa vipindi vinne na wengine waliokisoma kwa kipindi kimoja, kisha wakajaribu mara tatu kukiandika bila kukitazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tu waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71, lakini baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, ilhali waliojipima walikumbuka asilimia 61. Ni vyema pia majaribio hayo yatenganishwe kwa siku, yakipishana na usingizi wa kutosha, kwa sababu ubongo huendelea kuyaimarisha yaliyosomwa mtu anapolala.

Maarifa haya yanahusu mawasiliano pia, kwa kuwa msemaji yeyote hutegemea kumbukumbu tendaji ya msikilizaji, yaani uwezo wa kushikilia mambo akilini huku yakifanyiwa kazi. Mwaka 2001 Nelson Cowan alikadiria kwamba uwezo huo hubeba mafungu kama manne tu kwa wakati mmoja; kwa hiyo muuguzi anayemweleza mgonjwa dawa, vipimo, vyakula na tarehe ya kurudi kwa mfululizo humlemea hata akitumia maneno rahisi. Afadhali ayagawe maelezo, atulie kila hatua, kisha amwombe mgonjwa ayaeleze kwa maneno yake mwenyewe, jambo linalofichua palipokosewa na wakati huohuo kumfanya mgonjwa ayakumbuke.

Mwalimu naye anaweza kuanza kipindi kwa maswali machache yasiyo na alama kuhusu somo la wiki iliyopita, yakijibiwa na wanafunzi wote huku madaftari yamefungwa. Njia hiyo haihitaji vifaa wala fedha, hivyo darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache lina haki na uwezo wa kunufaika nayo sawa na darasa lolote lingine.