Rimu za Gari na Matunzo Yake Nyumbani

Mtu aliyejinyima miaka kadhaa hata akapata gari lake, aghalabu gari lililokwisha kutumika Japani kabla ya kuvuka bahari, hastahili kuchekwa akionekana Jumapili asubuhi akilizunguka na ndoo na kitambaa. Anatunza mali. Ajabu ni kwamba wengi wa wapenzi hao wa magari husugua paa na milango hata mtu akaweza kujitazamia uso, kisha magurudumu wakayamalizia kwa maji machafu yaliyobaki. Hali magurudumu ndiyo yanayopata taabu kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari, na ndiyo yanayobeba roho za watu waliomo ndani.

Tuanze na uchafu wenyewe, maana haufanani na vumbi la bodi. Dereva anapokanyaga breki, pedi husugua diski ya chuma. Katika msuguano huo chembe ndogo mno za chuma humenyeka zikiwa za moto, zikaruka na kujipachika juu ya rimu, nyingine zikiingia ndani ya vanishi inayofunika rangi. Zikipata unyevu hushika kutu, na ndipo mwenye gari anapoona vidoa vya hudhurungi visivyotoka kwa sabuni hata asugue vipi. Magurudumu ya mbele huchafuka zaidi kwa sababu breki za mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kulisimamisha gari. Na yale ya nyuma, kama breki zake ni za ngoma, hufungiwa vumbi lake humo ndani.

Juu ya hayo kila mahali pana adui wake. Katika barabara za udongo mwekundu za Uganda na Burundi ni matope yanayoganda nyuma ya rimu, pasipoonekana, yakapotosha hata ulinganifu wa gurudumu hadi usukani ukatetemeka. Goma, mji ambao lava ya mlima Nyiragongo ilifunika mitaa yake mwaka 2002, mawe yenye makali hayaisamehei kingo ya rimu. Pwani ni chumvi. Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma, lakini pakiwa na tundu dogo katika vanishi, chumvi na unyevu hupenya, na baada ya muda huonekana nyuzi nyeupe kama minyoo zikitambaa chini ya vanishi hiyo. Mkwaruzo mdogo usioshughulikiwa leo ndio mlango wa nyuzi hizo mwakani.

VIFAA VYENYE MANUFAA

Wenye maduka watakuonyesha chupa kumi na mbili za rangi mbalimbali. Kwa kazi ya nyumbani chache tu zinatosha. Jambo la kwanza ni ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sifongo kila mara kabla ya kuirudisha katika sabuni. Anayetumia ndoo moja anarudisha mchanga juu ya rangi, kisha anashangaa mbona gari limejaa mistari myembamba kama utando wa buibui. Magurudumu nayo yawe na ndoo na sifongo yake peke yake, isiyogusa bodi kamwe, kwa sababu ya zile chembe za chuma.

Tafuta brashi mbili, moja ndefu na laini ya kufikia nyuma ya mikono ya rimu, na nyingine ndogo ya kuzungukia nati. Mswaki uliokwisha kazi wafaa kabisa. Vitambaa vya maikrofaiba, vilivyofumwa kwa nyuzi nyembamba sana za poliesta na poliamidi, hunyonya maji vizuri na kuchukua vumbi bila kulisugulia rangini. Vifue mbali na nguo za pamba, usivitie dawa ya kulainishia nguo, na kikianguka chini kimoja usikirudishe kwenye bodi: kimepata kazi mpya ya magurudumu. Asiye navyo asihuzunike. Fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa vizuri itakausha rimu bila matata.

Sabuni iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya magari. Sabuni ya unga ya kufulia haitabambua rangi kwa siku moja, kama wengine wavumavyo, ila huondoa nta yote inayoikinga, na punje zake zisipoyeyuka sawasawa hukwaruza.

Kwa vidoa vya kutu iko dawa maalumu ya kuyeyusha chembe za chuma. Ukiipuliza juu ya rimu hugeuka zambarau mahali penye chembe, na harufu yake si ya kumkaribisha mgeni. Iache dakika chache kama kopo linavyoelekeza, isikauke, kisha isuuze kwa maji mengi. Kwa lami, tone la mafuta ya taa juu ya kitambaa latosha, likifuatwa na sabuni.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Iko desturi ya kupulizia mafuta ya taa au dizeli magurudumu mazima ili yang'ae. Yang'ae kweli, lakini mafuta hayo yakifika kwenye pedi za breki, pedi hazishiki tena ipasavyo. Na mipira iliyomo katika breki ilitengenezwa kuishi ndani ya mafuta ya breki, siyo mafuta ya petroli, ambayo huivimbisha na kuiharibu. Gari litapendeza mbele ya nyumba, na halitasimama mteremkoni.

Hatari nyingine imo katika baadhi ya dawa kali za rimu, zenye tindikali iitwayo haidrofloriki au chumvi zake. Tindikali hiyo hupenya ngozi, na maumivu yake pengine hayaji ila baada ya saa kadhaa, wakati imekwisha kufika ndani na kunyakua madini ya kalisi mwilini. Ukiona jina hilo au neno floridi kwenye kopo, lirudishe dukani. Kopo lisilo na maandishi yoyote, lililojazwa kutoka pipani, usilinunue kabisa, hata muuzaji akikuapia.

KUOSHA

Osha magurudumu kwanza, kabla ya bodi, ili matope yasirukie mahali palipokwisha safishwa. Gari liwe kivulini na rimu ziwe zimepoa kiasi cha kugusika kwa kiganja, kwani dawa ikikauka juu ya rimu ya moto huacha alama isiyofutika. Shughulikia gurudumu moja hadi mwisho ndipo uendee la pili: maji ya kuondoa mchanga, dawa ikihitajika, sabuni na brashi, maji tena, kitambaa.

Na kazi hiyo ifanyike nyumbani au mahali palipojengwa kwa ajili yake, siyo ziwani. Wengi huingiza gari majini hadi kwenye ekseli, wakidhani wamepata maji ya bure. Grisi na mafuta hubaki pale pale watu wanapochota maji ya kunywa. Tena muoshaji mwenyewe huambulia kichocho, ugonjwa ambao mabuu yake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Huko Kisumu, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, waosha magari wamechunguzwa na wataalamu wa ugonjwa huo kwa miaka mingi, maana kazi yao huwarudisha majini kila siku, na hata wakitibiwa wengi wao huambukizwa tena.

KUREKEBISHA MIKWARUZO

Sasa tufike kwenye kazi inayowapendeza zaidi wapenzi wa magari, yaani kuziba mikwaruzo iliyotokana na kuparuza ukingo wa barabara. Kabla ya kufungua kopo lolote, tazama rimu vizuri nje na ndani baada ya kuiosha. Pakiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, au rimu ikiwa imepinda, au gurudumu likipoteza upepo mara kwa mara bila msumari, puti na rangi hazina kazi hapo. Kuifunika rimu iliyopasuka kwa rangi ni kuificha hatari machoni pa fundi ambaye angeigundua. Rimu hiyo iondolewe barabarani.

Angalia pia ni rimu ya namna gani. Ya chuma ndiyo nyepesi kutengeneza: brashi ya waya, msasa, praima ya kuzuia kutu, rangi ya fedha au nyeusi, na imekwisha. Ya alumini iliyopakwa rangi inataka uangalifu, lakini iko ndani ya uwezo wa mtu mvumilivu. Ile ya alumini iliyochongwa kwa mashine uso wake ukabaki na mistari myembamba ya kung'aa chini ya vanishi, pamoja na ile ya kromu, zipeleke kwa fundi; rangi ya kopo haitafanana nazo kamwe, na matokeo yatakuudhi kila asubuhi.

Kwa rimu ya alumini yenye rangi, anza kwa kufuta grisi yote kwa spiriti. Vimelea vya chuma vilivyosimama ukingoni visawazishe kwa msasa namba 240, ufuate 400, umalizie kwa 600 pamoja na maji, ukipitiliza kidogo mpaka wa jeraha ili rangi mpya iungane na ya zamani pasipo ngazi. Ukipitisha kidole macho yakiwa yamefumbwa usisikie kitu. Shimo dogo lijazwe puti ya metali kwa tabaka nyembamba, ikauke, isuguliwe tena. Puti ni ya kujaza mkwaruzo tu; haina nguvu ya kushika chuma kilichomeguka.

Kukinga tairi, chukua karata kuukuu, uzichomeke moja moja baina ya mpira na ukingo wa rimu, zikipandana kama vigae, hata zizunguke duara lote. Hakuna karatasi ya gundi inayoishinda njia hiyo kwa wepesi. Vali ifunike, na breki zinazoonekana katikati ya mikono ya rimu zizibwe kwa magazeti.

Praima ipulizwe kutoka umbali wa sentimeta 20 hadi 25, kwa mapigo mepesi yanayoanzia nje ya jeraha na kuishia nje yake. Tabaka tatu nyembamba zinapita moja nene, ambayo huchuruzika kama machozi. Baina ya tabaka ngoja muda uliotajwa kwenye kopo, kwa kawaida kama robo saa. Rangi hufuata vivyo hivyo, kisha vanishi. Siku ya upepo, au siku ya mawingu mazito yenye unyevunyevu, acha. Vanishi itageuka nyeupe kama maziwa.

Kuhusu vanishi, iko ya kawaida na iko ile ya vitu viwili, yenye kigumishi kinachofunguliwa kwa kubonyeza kitako cha kopo. Ya pili ni imara zaidi mbele ya petroli na dawa, na ndiyo watumiayo mafundi. Lakini kigumishi chake kina kemikali ziitwazo isosaineti, ambazo mtu akizivuta zaweza kumpa pumu itakayoamshwa upya kila anapokutana nazo hata kidogo. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Katika ua wenye watoto, majirani na moshi wa jikoni, sioni sababu ya kuitumia. Vanishi ya kawaida, ikipulizwa nje mahali pa wazi mbali na moto, itadumu kiasi cha kuridhisha, na ikichakaa utarudia.

Ukiamua kulitoa gurudumu, gari liwe juu ya ardhi ngumu iliyo sawa, breki ya mkono imevutwa, na jiwe au gogo nyuma ya gurudumu lililo upande mwingine. Legeza nati kidogo kabla ya kupandisha jeki. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tena usipake rangi mahali nati zinapokalia wala uso wa nyuma unaogusana na habu. Rangi nene hapo hukandamizika na kulika baada ya safari chache, nati zikapoteza mkazo wake, na gurudumu zuri kuliko yote mtaani likaanza kucheza. Pakirushiwa kwa bahati mbaya, pafute kwa thina kabla ya kufunga.

Kufunga, kaza nati kwa kurukaruka kutoka upande hadi upande, usizifuate kwa kuzunguka, na umalizie gari likiwa limekanyaga chini. Kiasi cha mkazo kimeandikwa katika kitabu cha gari. Kusimama kwa miguu juu ya spana, kama wafanyavyo vijana wengi wa gereji za barabarani, huvuta skurubu kupita kiasi. Ukisha kwenda kilomita 50 hadi 100 zipime nati zote tena.

Rangi mpya ikikauka kwa mguso bado haijakomaa ndani. Kwa majuma mawili au matatu rimu hiyo ioshwe kwa maji na sabuni laini tu, bila dawa ya chuma na bila mashine ya maji ya nguvu. Baada ya hapo waweza kupaka nta, ukijua kwamba nta ya karnauba ya Brazili huyeyuka penye joto la nyuzi 80 na kitu, joto ambalo rimu iliyo karibu na breki huweza kulifikia katika mteremko mrefu. Hivyo itarudiwa mara nyingi zaidi kuliko ile ya kwenye bodi.