Kabla ya Kutuma Pesa za Kuku Nyumbani, Chagua Mbegu Kwanza

Mwezi Machi 2025 bei ya wastani ya dazani moja ya mayai hapa Marekani ilifika dola 6.23, kwa sababu ya mafua ya ndege. Tunakumbuka vizuri, maana hapo ndipo maswali yalipoanza hapa Lanham. Dada anayetunza wazee, fundi wa kuezeka mapaa, wote wanauliza jambo moja: si afadhali nifuge kuku? Wachache wanataka kufuga nyuma ya nyumba hapa hapa. Wengi wanataka kutuma pesa nyumbani, mama au shemeji afuge, mayai yalipe karo.

Wazo si baya. Lakini wacha tuseme ukweli: pesa nyingi za kuku hupotea siku ya kwanza kabisa, siku ya kununua vifaranga.

Hesabu yetu wenyewe

Agosti 2022 tulimtumia mama pesa za vifaranga 200. Muuzaji alisema ni kienyeji bora, wataanza kutaga Januari. Tulipanga mayai yalipe karo ya mpwa wetu muhula wa kwanza.

Vifaranga walikuwa shilingi 100 kila mmoja, jumla 20,000. Chakula kilikwenda magunia 17, shilingi 56,100. Dawa na makaa ya kuwapasha joto, 9,000. Banda, 45,000. Mama aliwatunza vizuri, wakabaki 171. Januari ikafika, na mama akatupigia simu usiku wa huku: "Wanangu, hawa wote wanawika."

Hakukuwa na mtetea hata mmoja. Tuliuziwa majogoo wa kuku wa mayai, wale ambao viwanda vya kutotolesha haviwahitaji. Wanakula sana, nyama hawaweki haraka, na yai hutaona. Tuliuza kwa shilingi 350 kila mmoja, tukapata 59,850. Banda limebaki, kwa hiyo hatulihesabu. Hasara kwenye daftari ni shilingi 25,250. Lakini kijana alikaa nyumbani wiki mbili wenzake wakisoma, na sisi ndio tuliomwahidi. Hiyo hatuna mahali pa kuiandika.

Na sisi tumesomea biashara! Tulipiga hesabu ya kila kitu isipokuwa swali moja: hawa ni kuku gani?

Mbegu ziko hivi

Kuku wa kienyeji wa kawaida. Anataga mayai 40 hadi 60 hivi kwa mwaka, lakini anaatamia, analea vifaranga, anajitafutia chakula, na anajua kumkimbia mwewe. Kama mama ni mzee na hutaki kutuma pesa ya chakula kila wiki, usimdharau huyu.

Kienyeji bora wa KALRO, Naivasha. Ameboreshwa na watafiti wa serikali ya Kenya. Anataga mara kadhaa zaidi ya kienyeji wa kawaida, na ana nyama nzuri. Lakini usimtegemee kuatamia, na bila chakula cha kutosha hayo mayai huyaoni.

Kuroiler na Sasso. Kuroiler alitoka India, Sasso alitoka Ufaransa, na wote wameenea Uganda, Tanzania na Kenya. Wanakua haraka na wanafaa kwa nyama na mayai. Kumbuka hawa ni machotara. Ukitotolesha mayai yao, watoto hawatakuwa kama wazazi. Kila awamu unanunua vifaranga upya, kwa hiyo weka gharama hiyo kwenye bajeti.

Kuku wa mayai wa kisasa. Anakaribia mayai 300 kwa mwaka, lakini anataka chakula kamili kila siku, chanjo zote, na mtu wa kumwangalia saa zote. Hii ni kazi ya mtu, si ya mama anayelima, kuteka maji na kulea wajukuu.

Na bata?

Bata wanavumilia magonjwa mengi yanayoua kuku, na baridi hawaijali sana. Khaki Campbell, aliyezalishwa Uingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita, ni bata wa mayai na anaweza kushindana na kuku wa kisasa. Pekin, aliyetoka China na kufika Marekani mwaka 1873, ni wa nyama. Katika wiki 7 hivi yuko tayari. Muscovy, yule mwenye nyama nyekundu usoni, anaatamia vizuri sana, ila mayai yake huchukua siku 35 kuanguliwa. Bata wengine ni siku 28, kuku ni 21.

Angalizo mbili. Usiwalaze bata na kuku banda moja: bata wanalowesha kila mahali, na wanaweza kubeba kideri au mafua ya ndege bila kuonyesha dalili, kisha kuku wakafa. Pili, tafuta mnunuzi kabla ya kununua bata. Mayai ya kuku yanauzika kila duka. Ya bata, uliza kwanza.

Mbegu nzuri ni ile yenye mnunuzi. Hapa karibu na Lanham, pale Beltsville, watafiti wa serikali walianza miaka ya 1930 kuzalisha bata mzinga mdogo mweupe, kwa sababu familia zilitaka ndege wa kutosha oveni ndogo. Alipendwa sana miaka ya 1940 na 1950. Soko lilipotaka bata mzinga wakubwa, akatoweka sokoni. Hakuwa mbaya. Wanunuzi walibadilika.

Usidanganywe kama sisi

Katika kuku wengi wa mayai wa kahawia, vifaranga jike huanguliwa wakiwa kahawia, na majogoo huanguliwa wakiwa manjano au weupe. Ukiambiwa ni kienyeji bora au Kuroiler, halafu boksi zima ni manjano tupu, simama hapo. Hao halisi huwa na rangi za kuchanganyika. Mwambie mama apige picha ya boksi likiwa wazi kabla hujalipa.

Nunua kwa mtotoleshaji mwenye risiti na jina lake juu ya risiti. Uliza kama vifaranga wamechanjwa Marek siku ya kwanza. Kisha panga chanjo za kideri, Gumboro na ndui na mtu wa mifugo wa eneo lenu. Kideri kikiingia kwenye banda lisilochanjwa, kinaweza kumaliza kundi zima ndani ya wiki moja.

Tuma kwa awamu

Kuku mmoja mkubwa wa mayai hula gramu 120 hadi 130 kwa siku. Kuku 100 wanamaliza gunia la kilo 70 chini ya siku 6. Na kabla hajataga yai la kwanza, kila mtetea ameshakula kilo 7 au 8. Kama huna pesa ya chakula ya miezi mitano, huna biashara ya kuku 100. Anza na 30.

Tuma ya banda kwanza, uone picha. Tuma ya vifaranga pili. Ya chakula tuma kila mwezi, na mama aandike kwenye daftari kila yai na kila kifo.

Pia, tangu Januari 1, 2026, ukituma pesa nje kutoka Marekani kwa kulipa keshi, unakatwa kodi ya asilimia 1. Ukilipia kutoka akaunti ya benki ya hapa au kadi iliyotolewa hapa, hukatwi. Dola 5 katika kila 500 ni chakula cha vifaranga.

Kwa mnaotaka kufuga hapa hapa

Kabla ya kununua hata kifaranga mmoja, uliza kaunti ya Prince George's kama kiwanja chako kinaruhusiwa, na soma mkataba wa nyumba unayopanga. Jimbo la Maryland linataka kila anayefuga kuku au bata ajisajili na Idara ya Kilimo, hata kama ni wawili tu. Kwa baridi ya huku, Rhode Island Red na Plymouth Rock wanavumilia.

Mwaka jana tulimtumia mama tena, safari hii vifaranga 30, baada ya picha tatu na risiti. Wametaga. Karo ya muhula uliopita hawakuimaliza, walilipa sehemu yake. Tumeandika kwenye daftari kiasi kile kile kilichopatikana.